Akaamuru Apewe Chakula

Hapa Malindi, kama kwingine Kenya, ibada haijapamba moto mpaka mhubiri apaze sauti: "Mungu ni mwema!" Waumini huitika, "Kila wakati!" Naye hugeuza, "Na kila wakati?" Nao, "Mungu ni mwema!" Hata aliyesinzia kwenye benchi la nyuma huitika bila kukosea. Nimeitika hivyo tangu nikiwa mdogo.

Aprili 2023 maneno hayo yalianza kunikwama kooni. Ndipo magari yalipokuwa yakishuka kutoka pori la Shakahola, huko Chakama, bara ya mji wetu, yamebeba miili. Kwa msomaji aliye mbali: mhubiri mmoja aliyewahi kuwa na kanisa hapa hapa mjini, kanisa ambalo jina lake lilitangaza habari njema, alihamia porini na wafuasi wake, na watu wakafundishwa kwamba wakifunga mpaka wafe watakutana na Yesu. Makaburi yalipofukuliwa miili ikapita 400, watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Madaktari waliopasua maiti walikuta njaa ndiyo iliyoua wengi. Wengine, watoto wakiwemo, walikuwa wamenyongwa au kuzibwa pumzi. Chumba cha maiti cha hospitali ya Malindi kikajaa pomoni, ikabidi kuletwa kontena la baridi. Ilifika Machi 2024 ndipo familia za kwanza zikaanza kukabidhiwa watu wao, baada ya vipimo vya DNA.

Kesi ni ya mahakama, na mshtakiwa amekana mashtaka. Mimi si hakimu. Ninaloliandikia ni jambo ambalo hakuna mahakama italiamua: Mungu aliyehubiriwa kule porini ni nani, na ana uhusiano gani na huyu tunayemwita mwema kila Jumapili?

Viongozi wa dini walijitokeza upesi kusema kwamba yale hayakuwa Ukristo bali dhehebu potovu, na wengi tukapumua. Mimi naona tulipumua mapema. Kufunga kumo kwenye Biblia yangu. Kuuacha ulimwengu kumo. "Mtu hataishi kwa mkate tu" imo, tena ni neno la Yesu mwenyewe. Hamu ya kuuona uso wa Mungu imo toka mwanzo hadi mwisho, na haikuzushwa Chakama. Aya zilikuwepo tele. Kilichotupwa ni wema wa Mungu, ambao ndio unaotuambia aya inasomwaje. Watu waliahidiwa uzuri wa ng'ambo ya kaburi, wakaambiwa kila kilicho chema upande huu, shule, dawa, uji wa mtoto, ni mtego wa shetani.

Jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu auzaye mahamri na mbaazi alfajiri, alinishika siku moja nikiwa nimekwenda kununua kiamshakinywa.

"Mwanangu, si wewe ndiye mwalimu wa watoto kule kanisani kwenu?"

"Ni mimi, mama."

"Hebu nambia. Huyo Mungu wenu apenda watoto washinde njaa?"

"Hapendi, mama."

"Basi mbona yule hakuna aliyemwambia?"

Akanifungia mahamri kwenye gazeti, akahudumia mwingine.

Nimeichukua ile "hapendi" niliyomjibu nikaifanyia kazi. Nilijuaje? Nilijibu haraka, pasipo kufikiri, na nadhani nilijibu sawa. Lakini mtu akinitaka ushahidi ningemwonyesha nini?

Ningeanza na Zaburi ya 27. Wengi wanaijua kwa aya yake moja: "Neno moja nimelitaka kwa BWANA, nalo ndilo nitakalolitafuta, nikae nyumbani mwa BWANA siku zote za maisha yangu, niutazame uzuri wa BWANA." Huchapishwa kwenye kalenda za makanisa, juu yake minazi na bahari. Ukiisoma zaburi nzima unakuta aliyeitunga anawindwa. Mwanzoni tu kuna watenda mabaya wanaokuja kumla nyama yake. Jeshi limejipanga kupigana naye. Aya ya 10 inasema: "Baba yangu na mama yangu wameniacha, bali BWANA atanikaribisha kwake." Aya hiyo nilizoea kuisikia ikisomwa mazishini kwa ajili ya yatima. Sasa nikiisoma nawaona watoto walioachwa na baba na mama huku wamelala nao kibanda kimoja.

Halafu, karibu na mwisho: "Naamini ya kuwa nitauona wema wa BWANA katika nchi ya walio hai." Mwimbaji hakubali kuahirishiwa. Uzuri wa Mungu anautaka, na wema wake pia anautaka, tena autaka huku kwenye jua, kabla hajafukiwa. Zaburi ileile moja imebeba vyote viwili, na aliyeikata katikati akabaki na uzuri peke yake amebaki na kitu cha hatari.

Sisemi mbinguni si kuzuri. Paulo aliandika akiwa kifungoni kwamba anatamani kwenda zake akae na Kristo, na kwamba hilo ni bora zaidi. Wengi huishia hapo. Sentensi inayofuata anasema kubaki hai kunahitajika zaidi kwa ajili ya wale anaowaandikia, kwa hiyo anabaki. Mtu aliyeuonja uzuri wa Mungu kuliko mhubiri yeyote ninayemjua alipima, akaona afadhali abaki awahudumie watu.

Musa naye aliomba kuonyeshwa utukufu wa Mungu. Hiyo ndiyo njaa ya uzuri kwa kiwango chake cha juu kabisa: nionyeshe mng'aro wako. Jibu alilopewa katika Kutoka 33 ni hili: "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako." Aliomba utukufu, akaahidiwa wema. Na sauti ilipopita kwenye mwamba haikutaja dhahabu wala radi. Ilitaja huruma, fadhili, subira na rehema. Kwa imani ya Kikristo, basi, uzuri wa Mungu ni wema wake unapoonekana. Huwezi kuupata mmoja huku umeukosa mwingine.

Ukiandika habari za uzuri wa Mungu ukiwa Malindi, watu hutarajia mawio juu ya bahari. Sina ugomvi na bahari. Mwanzo 1 inasema Mungu aliangalia vyote alivyovifanya akaona ni vyema sana, na matumbawe ya hifadhi yetu ya bahari, iliyotengwa tangu 1968, ni sehemu ya vyote hivyo. Lakini msimu wa mvua mto Sabaki hushuka na udongo wa bara, maji hugeuka kahawia mpaka mbali, na wageni mahotelini hukunja uso kwamba bahari imeharibika. Wavuvi wa kamba hawakunji. Ghuba ya Ungwana na hii yetu zina kamba kwa sababu ya mito hii, Tana na Sabaki, inayoleta rutuba. (Udongo ukizidi huyasonga matumbawe, na hapo lawama ni ya wanaokata miti bara, si ya mto.) Mimi mapenzi yangu yako kwenye yale maji ya kahawia. Mtu akiniambia Mungu ni mzuri, swali langu la pili ni nani amekula.

Ndiyo maana nikimtafuta Mungu mwema ninakwenda kwa Yesu, na nikienda kwa Yesu namkuta, mara nyingi kuliko nilivyokuwa nikiona zamani, karibu na chakula.

Chukua kisa cha Yairo. Binti yake wa miaka kumi na miwili amekufa. Nyumba imejaa vilio. Yesu anaingia, anawatoa nje wenye kelele, anamshika mtoto mkono, anamwambia ainuke, naye anainuka na kutembea. Hapo ndipo mhubiri wa kawaida angesimama juu ya meza. Mtoto amefufuka! Kuna nafasi ya mahubiri ya saa tatu na sadaka mbili. Marko anasema Yesu aliwaonya sana mtu asijue, kisha "akaamuru apewe chakula." Basi. Amemrudisha mtu kutoka wafu, na neno lake la mwisho nyumbani humo ni kwamba mtoto hajala. Wazazi, kwa furaha na kuchanganyikiwa, walikuwa wamesahau. Mwenye mamlaka juu ya mauti ndiye aliyekumbuka tumbo.

Nilipowasomea watoto wangu wa shule ya Jumapili kisa hiki, mmoja aliuliza walimpa nini. Nikawaachia wapange wenyewe. Wakakubaliana ni uji kwanza, kwa sababu alikuwa mgonjwa, halafu jioni wali wa nazi. Sijapata ufafanuzi bora wa aya hiyo kutoka kwa mtu mzima.

Kisha kuna kile kisa cha watu elfu nne, ambacho nashangaa hakikuhubiriwa kila kanisa la pwani mwaka 2023. Kundi kubwa limemfuata mhubiri mpaka nyikani. Siku ya tatu sasa. Hawana kitu cha kula. Ukilisimamisha pigo la saa hapo, picha hiyo tunaijua: nyika, mhubiri, watu wenye njaa waliomwamini kiasi cha kusahau miili yao. Kila mhubiri ana siku hiyo ya tatu, ambapo watu wako tayari kumpa chochote. Yesu anawaita wanafunzi na kuwaambia, kama Mathayo anavyoandika: "Kuwaaga wakifunga sipendi, wasije wakazimia njiani." Sipendi. Anaogopa mtu asianguke akirudi nyumbani. Akauliza kuna mikate mingapi.

Na lile neno la "mtu hataishi kwa mkate tu"? Alilisema jangwani, akiwa na njaa yake mwenyewe baada ya siku arobaini, kumkatalia shetani aliyemtaka atumie nguvu zake kujishibisha. Alikataa mkate wake. Mkate wa wengine hakuwahi kuukataa, na wanafunzi walipopendekeza umati uende ukajitafutie, aliwajibu, "Wapeni ninyi chakula." Anayefunga yeye na kumlisha jirani yuko kwenye njia ya Yesu. Anayemfungisha mtoto wa mtu, sijui hiyo ni njia ya nani. Nabii Isaya alikwisha kulisema katika sura ya 58 karne nyingi kabla: saumu ambayo Mungu ameichagua ni kuwagawia wenye njaa chakula chako.

Wapo watakaonijibu, na wamenijibu: wewe ni nani umpimie Mungu wema? Akifanya yeye ni wema, kwa kuwa ni yeye. Hoja hii huvaa unyenyekevu, lakini mimi naiogopa kuliko ukafiri. Ukiikubali, siku mtu atakapokuambia Mungu ameamuru mwanao anyimwe maziwa huna pa kusimama, maana kunyima maziwa kumekuwa wema tangu dakika ile. Mafundisho ya kale ya kanisa hayaendi huko. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba Mungu hana wema kwa namna mtu alivyo na mali, kitu cha kuongezwa au kuondolewa. Yeye mwenyewe ndiye wema, na kila chema tukionacho duniani kimetoka kwake. Kwa hiyo wema wetu ni mdogo, una madoa, lakini ni wa ukoo uleule. Mama anayempakata mtoto magotini huku akipuliza uji upoe hajui amechota wapi, ila amechota huko.

Na Yesu mwenyewe ndiye aliyetupa ruhusa ya kupima. "Ni mtu yupi kwenu," anauliza katika Mathayo 7, "ambaye mwanawe akimwomba mkate, atampa jiwe? Au akiomba samaki, atampa nyoka?" Anaanzia jikoni kwetu, kwa wazazi ambao anawaita waovu bila kuficha, kisha anapanda: "Je! si zaidi sana Baba yenu aliye mbinguni?" Zaidi sana. Mungu anaweza kuupita wema wa mama muuza mahamri kwa umbali usiopimika. Kuwa chini yake hawezi. Akihubiriwa Mungu aliye chini yake, huyo siye.

Waafrika wenzetu walilifikiria jambo hili mapema. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, kwenye nchi ambayo leo ni Algeria, alipita miaka kadhaa kwenye dini ya Mani iliyofundisha kwamba uovu ni nguvu yenye dola yake, inayopigana na Mungu sawa kwa sawa. Alipotoka huko alishika jambo moja kwa nguvu: uovu hauna mwili wake wenyewe, ni upungufu wa wema mahali wema ulipopaswa kuwa. Zamani niliona hoja hiyo ni nyepesi mno kwa uzito wa dunia. Njaa ndiyo iliyonigeuza. Njaa haina kitu ndani yake. Ni chakula kisichokuwepo, na inaua. Augustino mwenyewe alifariki 430 akiwa askofu wa Hippo, mji umezingirwa na Wavandali, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuijua dhiki akiwa barazani na kahawa tu.

Wagiriama wana lao. Ukienda Marafa utaliona bonde la Nyari, ambalo watalii wamelibandika jina la jiko la Jehanamu: kuta za mchanga mwekundu, mweupe na wa rangi ya chungwa, zimechongwa na mvua. Wazee husimulia kwamba palikuwa na familia tajiri ya ng'ombe, matajiri mpaka wakaoga maziwa, na Mulungu akakasirika akawadidimiza ardhini. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Ni hadithi, na wanajiolojia watakuambia ya mmomonyoko. Naipenda kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia kuhusu ghadhabu, kwa sababu Mulungu wa Nyari anakasirishwa na maziwa yanayomwagwa. Hasira yake inatoka mahali pamoja na wema wake, na mama yeyote wa kijijini angeielewa.

Jirani yangu alinirudia na swali gumu zaidi, baada ya Idd ya kuchinja, akiwa amenitumia sahani ya nyama kwa mkono wa mjukuu wake na mimi nimekwenda kurudisha sahani. "Lakini mwanangu, nyinyi si mwasema Mungu alimtoa mwanawe auawe? Yule wa Shakahola si alijifunza hapo?"

Swali hili halikuwa la kuchokoza, na ndilo ambalo wasomi wetu wenyewe wamehangaika nalo. Nilianzia kwenye sherehe yake. Nabii Ibrahimu alipoinua kisu, dini yake na yangu zinakubaliana kwamba alizuiwa na kondoo akatolewa. Katika Mwanzo 22 sauti inaita mara mbili kwa haraka, "Ibrahimu, Ibrahimu," na kumwambia asimnyoshee kijana mkono. Kwenye nchi za wakati ule, ambako watoto walitolewa kwa miungu, hilo ndilo lililomtofautisha Mungu huyu: alisimamisha kisu.

Na msalaba? Tukiueleza kama baba aliyemchinja mtoto ili hasira imtulie, mama yule ana haki ya kushtuka. Lakini Yesu anasema kuhusu uhai wake, katika Yohana 10, kwamba hakuna mtu anayemwondolea, anautoa mwenyewe. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, aliyejua anakokwenda. Zaidi ya hapo, Wakristo tunakiri kwamba huyo aliyetundikwa ni Mungu mwenyewe, si mtu wa tatu aliyesukumwa mbele. Hapo ndipo pana tofauti yote. Wapo wanaodai sadaka kwa miili ya wengine, na Mungu wa msalaba alidai mwili wake. Usiku ule kabla hajakamatwa alichukua mkate akasema twaeni, mle. Alijigeuza chakula. Sikumaliza maelezo hayo vizuri pale mlangoni, na yeye hakukubali. Kwake Mungu hazai wala hafi, na hilo nalifahamu. Alisema tu, "Ile ya kusimamisha kisu ndiyo niliyoielewa."

Isaya 53 inasema juu ya mtumishi huyo, "hana umbo wala uzuri." Kwa hiyo imani inayosema Mungu ni mzuri inaelekeza kidole kwa mtu ambaye maandiko yake yenyewe yanasema hakuwa na uzuri wa kutamanika. Mateso si mazuri. Mtu akikuambia mateso ni mazuri, mchukue mwanao uondoke. Kilicho kizuri pale ni upendo ambao haukurudi nyuma mateso yalipofika, na ungekuwa mzuri vilevile kama mateso yasingekuja.

Malindi tuna historia ya kuuremba msalaba. Nguzo ya Vasco da Gama, aliyetia nanga hapa 1498, ina msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno, umechongwa nembo ya mfalme wao. Watalii huupiga picha. Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita hapa 1542 akielekea Goa huko India, akamzika mwenzake mmoja wa safari, na kikanisa kidogo chenye paa la makuti bado kinatajwa pamoja na jina lake. Katika barua aliyoandika alipofika Goa anaueleza msalaba mkubwa wa jiwe uliopakwa dhahabu karibu na mji, mzuri sana, na faraja aliyoipata kuuona umesimama peke yake kati ya Waislamu. Barua hiyohiyo inasimulia kwamba mkubwa mmoja wa mji alimjia akiwa na huzuni. Misikiti ilikuwa kumi na saba, akasema, na watu wanakwenda mitatu tu. Je, kwenu nako ibada imepoa? Mtu wa imani amemfungulia moyo mgeni wa imani nyingine. Xavier alimjibu kwamba Mungu hana raha na wasioamini, wala na sala zao. Ni mtakatifu, nami namheshimu kwa mengi, lakini siku ile dhahabu ya jiwe ilimvutia kuliko yule mzee aliyesimama mbele yake.

Sisi wenyewe tuna usemi wetu wa kurembesha. Mtoto akifa, mtu husimama kwenye mazishi na kusema, "Tulimpenda, lakini Mungu alimpenda zaidi." Husemwa kwa nia njema, kuziba kimya. Siwezi tena kuuitikia. Unamfanya Mungu mshindani wa mama, aliyeona kitu kizuri mikononi mwa mtu akakichukua. Yesu alipofika kwenye msiba wa Lazaro, akijua kabisa atamfufua, Yohana anasema aliugua rohoni akalia machozi. Hakuwaambia Mariamu na Martha kwamba mbinguni walimpenda zaidi.

Kuhusu wale watoto, tumaini langu lina umbo moja tu, na nimelikopa kwa Yairo. Ufufuo ukiwa kweli, si roho zinazoelea. Yesu mfufuka aliwauliza wanafunzi kama wana chakula chochote, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Ufuoni Tiberia aliwasha moto wa makaa yeye mwenyewe, akaweka samaki, akawaita wavuvi waliokesha bure: "Njoni mfungue kinywa." Natarajia neno la kwanza watakalolisikia watoto wa Shakahola wakishikwa mkono lifanane na hilo.

Wakubwa wao ni mjadala mwingine, na jirani yangu hapo hana msamaha. Waliookolewa walipelekwa kwenye kituo, na baadhi wakaendelea kukataa kula. Juni 2023 watu 65 walifikishwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kujiua. Nilipomweleza akasema wazazi waliowanyima watoto wafungwe, tena wafungwe sana, na baada ya pumzi moja akauliza ni nani aliyekuwa akiwapikia kituoni, na alikuwa akiwapikia nini. Mtu aliyefundishwa kuogopa chakula hashtakiwi, alisema. Unakaa naye.

Katika 1 Wafalme 19 Eliya alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Hakukemewa na hakuhubiriwa. Malaika akamgusa: "Inuka, ule." Palikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Ikabidi malaika aje mara ya pili.